Mtunzi wa Sarafina na Nyimbo Zilizotoka kwa Watu



Nataka tuzungumze habari za mtu ambaye nyimbo zake tunazijua sana kuliko tunavyolijua jina lake. Taja Sarafina mbele ya watu waliokuwa watoto au vijana miaka ya tisini, iwe Dar es Salaam, Nairobi, Bujumbura au Bukavu, na hutakosa atakayekuimbia kipande. Filamu ile tuliitazama kwenye vibanda vya video, tukaitazama kwenye televisheni kila ilipokaribia tarehe 16 Juni, na wapo walioiigiza shuleni kwa sare zao wenyewe. Lakini uliza ni nani aliyetunga. Mmoja atamtaja Whoopi Goldberg, yule mwalimu. Mwingine atamtaja Leleti Khumalo, yule binti. Mtu aliyebuni hadithi, akatunga nyimbo, akawafundisha waimbaji na kuuongoza mchezo wenyewe jukwaani, huyo hatajwi.

Jina lake ni Mbongeni Ngema, Mzulu wa Afrika Kusini. Alifariki dunia tarehe 27 Desemba 2023 kwa ajali ya gari, akirudi kutoka mazikoni Lusikisiki, jimbo la Eastern Cape. Alikuwa na umri wa miaka 68. Ameacha kazi kubwa, na ameacha pia mambo yanayouma. Yote mawili nitayasema, kwa sababu nina jambo moja ninalotaka tuondoke nalo leo: Ngema aliitikisa dunia pale nyimbo zake zilipotoka ndani ya maisha ya watu, na alianguka pale wimbo ulipoagizwa na ofisi. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao wasanii wetu kila siku wanaitwa kuimba ujumbe wa watu wengine, tuna sababu ya kuyasikiliza maisha yake kwa makini.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Wimbo wa jukwaani ni tofauti na wimbo wa redioni. Huku redioni wimbo unajitegemea: dakika nne, kiitikio kizuri, basi. Jukwaani wimbo una mzigo. Mhusika anaanza kuimba pale maneno ya kawaida yamemshinda, na akimaliza kuimba lazima kitu kiwe kimebadilika: ameamua, amekata tamaa, amejua asilolijua, au ameungana na wenzake. Ukiuondoa wimbo na hadithi ikaendelea kama kawaida, basi wimbo ule ulikuwa pambo tu. Ndiyo maana watunzi wazuri wa nyimbo za redio ni wengi, na watunzi wazuri wa michezo ya nyimbo ni wachache. Huyu wa pili anatakiwa ajue muziki, ajue hadithi, na ajue mwili wa mwigizaji unavyohema anapocheza na kuimba kwa wakati mmoja.

Ngema alizijua zote tatu. Tutazame alizipata wapi.

Alizaliwa mwaka 1955 Verulam, kaskazini ya Durban. Akiwa na miaka kumi na moja hivi alitengana na wazazi wake, akalelewa na ndugu huko Zululand, kisha akaishi kwa kujitegemea katika mitaa ya maskini karibu na Durban. Gitaa alijifundisha mwenyewe. Katikati ya miaka ya sabini alikuwa kibarua katika kiwanda cha mbolea, na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mfanyakazi mwenzake alikuwa ametunga mchezo wa kuigiza, akamwomba ampigie gitaa. Ngema akapiga. Mazoezi yakiendelea akawa anamtazama mhusika mkuu, anayashika maneno yake, anaipenda nafasi ile. Siku ya onyesho la kwanza mwigizaji mkuu hakutokea. Ngema akaliweka gitaa chini, akaingia jukwaani.

Msikilizaji, nakuomba utulie kidogo hapo. Mtu huyu hakuingia katika maigizo kwa kupitia chuo wala ukumbi wa kifahari. Aliingia kwa kupitia vibarua waliomaliza zamu wakakutana kufanya mazoezi. Watazamaji wake wa kwanza walikuwa watu wanaojua harufu ya mbolea, wanaojua basi la alfajiri, wanaojua kuwaonyesha polisi pasi, kile kibali ambacho mtu mweusi alilazimishwa kutembea nacho. Mtazamaji wa namna hiyo humdanganyi. Ukimwimbia jambo lisilo la kweli, anaanza kuzungumza na jirani yake.

Mwaka 1979 Ngema akaenda Johannesburg, akajiunga na kundi la Gibson Kente. Jina hili nalo linastahili heshima yake. Kente ndiye anayeitwa baba wa maigizo ya vitongojini. Tangu miaka ya sitini alikuwa akitunga michezo ya nyimbo na kuizungusha kwa basi, kitongoji hadi kitongoji, katika kumbi za jumuiya zisizo na taa za maana. Watu walilipa kiingilio kwa fedha zao, wakajaa. Kwa Kente mwigizaji asiyeweza kuimba hakuwa na kazi, na mwimbaji asiyeweza kucheza alifundishwa mpaka aweze. Ukumbi una kelele, watoto wanalia, vipaza sauti hakuna. Kwa hiyo sauti lazima itoke tumboni na mkono lazima uonekane mpaka kwenye safu ya mwisho.

Na Kente mwenyewe alikuwa na waliomtangulia kwa umaarufu nje ya nchi. Mwaka 1959 mchezo wa nyimbo uitwao King Kong, uliotungiwa muziki na Todd Matshikiza, ulionyeshwa Johannesburg, na mwaka 1961 ukafika London. Miriam Makeba aliimba humo, na kijana Hugh Masekela alikuwa miongoni mwa wapigaji. Kumbuka majina hayo mawili, tutakutana nayo tena.

Ndani ya basi la Kente, Ngema alikuwa na rafiki yake, Percy Mtwa. Usiku, safarini, walibishana juu ya swali moja: je, Yesu akirudi leo, akashukia Afrika Kusini ya makaburu, itakuwaje? Serikali inayojiita ya Kikristo itampokea namna gani? Kutokana na ubishi ule ukazaliwa mchezo wa Woza Albert!, walioukamilisha pamoja na mwongozaji Barney Simon na kuuonyesha mwaka 1981 katika ukumbi wa Market Theatre, jijini Johannesburg. Albert wa kwenye jina ni Albert Luthuli, kiongozi wa ANC aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1960.

Mchezo ule una waigizaji wawili tu. Jukwaani yapo makasha mawili ya majani ya chai na ubao uliotundikwa nguo chakavu za kubadilisha. Kila mmoja shingoni ana kamba yenye mpira mdogo uliopakwa rangi ya waridi. Akiuinua mpira ule na kuuvaa puani, amekuwa mzungu: polisi, bosi, waziri. Akiuteremsha, amerudi kuwa kibarua, mfungwa, kinyozi wa barabarani, kikongwe anayeokota chakula jalalani. Na mchezo unapoanza, wawili hawa wanapiga muziki wa bendi nzima kwa midomo na mikono yao, ala hakuna hata moja. Bendi inanoga, ghafla mmoja anageuka kuwa polisi na kumdai mwenzake pasi. Muziki unakatika.

Hapo ndipo mtunzi anapoonekana. Ngema amekwishakujua kwamba muziki uliokatizwa unaweza kusema zaidi ya hotuba. Furaha ya watu wawili imezimwa kwa swali moja la polisi, na mtazamaji ameielewa sheria ya pasi kabla hajaelezwa. Mchezo ule ulizunguka Ulaya na Marekani na kushinda tuzo.

Baada ya hapo Ngema akaanzisha kundi lake, Committed Artists, akaanza kuwafundisha vijana ambao hawakuwa na mahali pengine pa kufundishwa. Kazi kubwa ya kwanza ikawa Asinamali!, yaani hatuna pesa, kilio cha wakazi wa Lamontville, Durban, waliogoma kulipa kodi za nyumba zilizopandishwa mwaka 1983. Wafungwa watano, gereza la Leeuwkop, kila mmoja anaeleza kilichomfikisha pale. Wanaume watano wanaimba kwa sauti za pamoja, wanacheza kwa hatua za pamoja, na wakati huohuo kila mmoja ana hadithi yake. Mwaka 1987 mchezo huo ukafika Broadway, New York. Huko nyumbani kwake, kijana aliyekuwa na redio alikuwa anamjua Ngema kwa wimbo mwingine kabisa, Stimela Sase-Zola, wimbo wa kuchezeka uliovuma Afrika Kusini katikati ya miaka ya themanini. Kwa hiyo alikuwa na uwezo wa kukaa redioni, akatengeneza jina, akastarehe. Alichagua kubaki na vijana wake wa mazoezi.

Sasa tufike kwenye Sarafina!.

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga amri ya kufundishwa baadhi ya masomo kwa Kiafrikaans. Polisi wakawafyatulia risasi watoto waliovaa sare za shule. Ndiyo siku ambayo Afrika nzima leo inaiadhimisha kama Siku ya Mtoto wa Afrika. Na kwetu siku hiyo haikupita mbali. Vijana wengi walikimbia nchi yao, na Tanzania ikaipa ANC ardhi Mazimbu, Morogoro, ili watoto wale wasome. Hapo kikajengwa Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, kilichopewa jina la kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Leo majengo yale ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kwa hiyo Sarafina anapoimba, watu wa Morogoro wana haki ya kusema: wenzake wengine tuliwapokea sisi.

Ngema aliwahi kueleza kwamba wazo la mchezo lilimjia baada ya mazungumzo na Winnie Mandela kuhusu watoto na mateso yao. Akawakusanya vijana zaidi ya ishirini kutoka vitongojini, wengi wao hawajawahi kusimama jukwaani. Akaishi nao, akawafundisha sauti, hatua, pumzi. Sarafina mwenyewe akawa Leleti Khumalo, binti wa KwaMashu aliyezaliwa mwaka 1970. Wakati nchi iko chini ya hali ya hatari, na askari wamo vitongojini na bunduki, vijana wa umri uleule wa waliokuwa wakikamatwa mitaani walikuwa wamejifungia ndani wakijifunza kuimba habari zao wenyewe. Aliyeshirikiana na Ngema katika muziki ni Hugh Masekela, yule kijana wa King Kong, ambaye sasa alikuwa uhamishoni kwa zaidi ya robo karne.

Mchezo unahusu wanafunzi wa shule ya Morris Isaacson, Soweto. Wanatayarisha onyesho la shule, na habari ya onyesho lao ni siku Mandela atakapotoka gerezani. Mchezo ulipoonyeshwa Market Theatre mwaka 1987, Mandela alikuwa bado kifungoni na hakuna aliyekuwa na uhakika wa kumwona akiwa hai nje ya gereza. Kuchapisha picha yake kulikatazwa. Na hapa yupo msichana wa shule jukwaani, amevaa kama Mandela, anawahutubia watu kama Mandela.

Tusikilize sasa namna nyimbo zilivyobeba mzigo. Ngema alichagua mbaqanga, muziki wa dansi wa vitongojini: gitaa la besi linalosukuma kutoka chini, gitaa la juu linalokimbia, kinanda, ngoma, na sauti zinazoitana na kuitikiana. Ni muziki wa Jumamosi usiku. Kwa hadithi ya watoto waliouawa, wengi wangechagua maombolezo. Yeye alitaka mtazamaji awaone watoto wale wakiwa hai, wenye nguvu, wenye utundu, wenye mapenzi ya kitoto, ili risasi inapolia ajue kwa mwili wake ni nini kilichouawa. Mtoto aliyekuwa akicheza mbele yako dakika moja iliyopita huwezi kumsahau kirahisi.

Chukua Sala ya Bwana. Kila mtoto wa shule aliikariri, kwa hiyo maneno hayana jipya. Ngema akaitia mdundo na mpangilio wake: sauti moja inaongoza, umati unapokea, na kila mzunguko unaongeza uzito. Maneno ni yaleyale ya kila asubuhi, lakini wanaoyaimba ni watoto waliozungukwa na askari. Wakiomba mkate wa kila siku na wakiomba waokolewe na yule mwovu, kila mtu ukumbini anajua mwovu ni nani. Hakuna aliyelazimika kutoa hotuba.

Au uchukue ule wimbo wa Freedom Is Coming Tomorrow, uhuru unakuja kesho. Ulitungwa wakati ambapo hakuna dalili ya kesho hiyo. Wanaoimba wanawaambia mama zao wajiandae. Watazamaji weusi waliokaa ukumbini jioni ile walikuwa wanarudi nyumbani kupitia vizuizi vya askari, lakini kwa dakika zile walikuwa wameishi siku ya uhuru kabla haijafika. Mandela alitoka tarehe 11 Februari 1990. Siku hiyo wale waliokuwa wameuona mchezo walikuwa wamekwishaifanyia mazoezi furaha yao.

Oktoba 1987 Sarafina! ilifika Lincoln Center, New York, na Januari 1988 ikahamia Broadway, ukumbi wa Cort. Ilionyeshwa mara 597. Iliteuliwa kuwania tuzo tano za Tony, zikiwemo za mchezo bora wa nyimbo na muziki bora, mwaka uleule wa The Phantom of the Opera na Into the Woods. Haikupata hata moja kati ya hizo tano, lakini fikiria: vijana wa Soweto na KwaMashu waliofundishwa katika nyumba ya mazoezi wanawekwa kwenye orodha moja na watunzi wakubwa kabisa wa London na New York. Ukumbi ule wa Cort tangu mwaka 2022 unaitwa kwa jina la mwigizaji mweusi, James Earl Jones.

Mwaka 1992 ikaja filamu, chini ya mwongozaji Darrell James Roodt, na hapo ndipo Sarafina alipotufikia sisi. Miriam Makeba, yule wa King Kong, akaigiza kama mama yake Sarafina, mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya wazungu. Alikuwa amerudi nyumbani muda si mrefu, baada ya miaka thelathini ya kuzuiwa kuikanyaga nchi yake. Miaka miwili baadaye Ngema alichangia pia kazi ya sauti za kwaya katika filamu ya The Lion King, ile ambayo Simba na Rafiki wana majina ya Kiswahili.

Huo ndio ufanisi wake. Sasa niseme yale mengine.

Mwaka 1995 Afrika Kusini ilikuwa huru, na UKIMWI ulikuwa unaenea kwa kasi. Wizara ya Afya ikataka mchezo wa kuelimisha vijana, ikampa Ngema mkataba wa zaidi ya randi milioni 14 kutengeneza Sarafina 2. Nia ilikuwa njema na janga lilikuwa la kweli. Lakini wanaharakati wa UKIMWI walilalamika kwamba ujumbe wenyewe haueleweki vizuri, na fedha zile ni nyingi mno kwa nchi yenye wagonjwa wasio na huduma. Mwaka 1996 mlinzi wa maslahi ya umma alitoa ripoti iliyoonyesha kwamba taratibu za zabuni hazikufuatwa. Onyesho likasimamishwa. Mtunzi yuleyule, jina lilelile la Sarafina, na fedha ambazo hakuwahi kuziota alipokuwa na Woza Albert! na makasha yake mawili.

Ni nini kilichobadilika? Nasema kilichobadilika ni mahali wimbo ulipoanzia. Sarafina wa kwanza alianza na vijana wenye jambo lao la kusema, na mtunzi akatafuta mahadhi ya kulibeba. Sarafina wa pili alianza na ujumbe uliokwishaamuliwa, kisha wakatafutwa wa kuuimba. Jina maarufu likakodiwa ili lifungue masikio ya watu. Masikio hayakufunguka.

Na tazama jambo hili. Mwaka 2003 yule mzee, Gibson Kente, mwalimu wa Ngema, alisimama hadharani akatangaza kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI. Hakuwa na bajeti ya wizara. Alikuwa mzee aliyezunguka kwa basi maisha yake yote, watu walimjua, na alisema jambo lake mwenyewe kwa mdomo wake mwenyewe. Nchi nzima ilimsikia. Alifariki mwaka uliofuata.

Mwaka 2002 Ngema alitoa wimbo wa Kizulu uitwao AmaNdiya, uliowalaumu Wahindi wa Durban. Tume ya malalamiko ya utangazaji iliamua kwamba ni wimbo wa chuki, na Nelson Mandela mwenyewe alimtaka mtunzi aombe radhi. Ngema alijitetea kwamba anafungua mjadala. Mimi sikubaliani na utetezi huo. Mjadala unafunguliwa na wimbo unaompa kila mtu sauti, kama alivyofanya yeye mwenyewe na wale wafungwa watano wa Asinamali!. Wimbo unaolinyooshea kidole kabila zima unaufunga. Yeye aliyejifunza kumpa hata polisi wa makaburu uso wa kibinadamu kwa mpira mdogo wa puani alikuwa na uwezo wa kufanya zaidi ya hapo.

Na lipo la nyumbani. Ngema alimuoa Leleti Khumalo, na ndoa ile ilivunjika mwaka 2005. Baadaye Leleti alizungumza hadharani juu ya machungu aliyoyapitia. Nalisema hili bila kulikuza na bila kulificha, kwa sababu sauti tuliyoipenda katika Sarafina ni sauti yake, na mwenye sauti ile anastahili kusikilizwa anapozungumza habari za maisha yake kama tulivyomsikiliza alipoimba. Heshima kwa mtunzi haitudai tumnyamazishe mwimbaji.

Msikilizaji, kwa nini nimekupeleka mbali hivi? Kwa sababu hali ya Sarafina 2 tunaiishi hapa kwetu kila mwaka. Kikundi cha sanaa kinapigiwa simu: kuna mkutano wiki ijayo, njooni na wimbo wa malaria, wa mikopo, wa kupiga kura, wa kutunza mazingira. Ujumbe unakuja umechapwa kwenye karatasi, maneno ya ofisini yamo humohumo. Wasanii wanapewa fulana, wanapanga kiitikio usiku mmoja, asubuhi wanaimba mbele ya meza kuu. Viongozi wanapiga makofi, wananchi wanapiga makofi, na jioni hakuna anayeukumbuka ule wimbo. Wanaolaumiwa ni wasanii, eti hawana ubunifu. Siamini. Wapewe muda na wapewe uhuru wa kuanza na hadithi ya watu, tutaona watakachokitoa.

Na njia hiyo si ngeni kwetu. Miaka ya themanini walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda vijijini, Malya huko Mwanza kikiwa kimojawapo, wakaanza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe ni lipi linalowasumbua. Wanakijiji ndio waliolitaja tatizo, wakalitilia ngoma zao na nyimbo zao, wakaliigiza, kisha wakakaa kulijadili. Walimu hawakupeleka jibu mfukoni. Tunao urithi huo wa nyumbani, tunacho chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, kinachofundisha vijana ngoma, muziki na uigizaji, na tunao vijana wanaoandika mashairi makali kila siku. Sioni upungufu wa vipaji.

Ninachokiona ni upungufu wa vitu vitatu, na vyote vitatu Ngema alivipata kabla hajawa maarufu. Cha kwanza ni mwalimu kama Kente, mwenye kundi la kudumu, anayemtaka kijana ajue kuimba, kucheza na kuigiza bila kuchagua moja. Cha pili ni muda wa mazoezi wa miezi, unaolipiwa. Cha tatu ni mtazamaji wa kweli anayelipa kiingilio chake na mwenye haki ya kuondoka kama hajaguswa. Mwenye kikundi anayenisikiliza, tafuta mtazamaji huyo hata kama ni ukumbi wa shule na viti vya kuazima. Mwenye fungu la fedha za uhamasishaji, punguza fulana, ongeza siku za mazoezi, na ukubali kwamba mchezo ukikamilika unaweza kusema jambo ambalo halikuwemo katika karatasi yako. Ukiwa huwezi kukubali hilo, nunua tangazo la redio. Litakuwa la ukweli zaidi na gharama yake ndogo.

Na wewe kijana unayetunga, unayesubiri studio na mdhamini: Ngema alianza na gitaa la kujifundisha na vibarua wenzake baada ya zamu. Watafute wenzako leo, waulize wanaishije, na uwatungie wimbo ambao hadithi yao haiwezi kwenda mbele bila huo.